Jino la Kabidi na Gogo la Mkora

Mtu anayejaribu kupigilia msumari katika ubao mkavu wa mkora bila kutoboa tundu kwanza aghalabu huambulia msumari uliopinda. Ubao wenyewe hauonyeshi hata alama. Seremala mzoefu hulijua jambo hilo, naye huanza kwa keekee. Lakini kabla ya ubao kumfikia seremala, hapana budi gogo lipasuliwe, na huko ndiko taabu ilikoanzia. Mpasuaji hana njia ya kutoboa kwanza. Inampasa aupitishe msumeno katika urefu wote wa gogo, meta tatu au nne, mara kumi au zaidi, na kila mara meno ya msumeno hupungua ukali wake.

Kwa muda mrefu kazi hiyo ilifanywa kwa mikono. Watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwingine ndani ya shimo, waliuvuta msumeno juu na chini tangu asubuhi hadi jioni. Baadaye zikaja mashine zenye msumeno wa duara, na katika miaka ya karibuni mashine ndogo za msumeno wa mkanda zinazoweza kukokotwa mpaka gogo lilipolala. Baadhi yake hufanya kazi katika mashamba ya misindano ya Nyanda za Juu Kusini, ambako mti ni mlaini na meno hukaa vizuri. Je, mashine hiyo hiyo ikipelekwa katika miombo ya Manyoni na Itigi itatumia meno gani? Wauzaji wa misumeno hujibu upesi kwamba yatumike meno ya kabidi. Jibu hilo linastahili kuchunguzwa, maana lina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote.

Mchanga wa Singida

Mkoa wa Singida uko katikati ya Tanzania, juu ya uwanda wa miamba ya kale ya matale. Mgeni anayefika mjini Singida kwa mara ya kwanza hushangazwa na mawe makubwa ya mviringo yaliyopandana, mengine yakiwa makubwa kuliko nyumba. Mvua hunyesha msimu mmoja tu, takriban kuanzia Novemba hadi Aprili, na miezi mingine nchi ni kavu. Magharibi na kusini, kuelekea Tabora na pori la akiba la Rungwa, ndiko kwenye miombo yenye mninga, mkora na mtundu. Kati ya miombo hiyo na uwanda kuna kichaka mashuhuri cha Itigi, msongamano wa miti mifupi ambao mtu hupenya kwa shida. Mmojawapo wa miti yake midogo uliitwa Burttia kwa heshima ya B. D. Burtt, mtaalamu wa mimea wa idara ya utafiti wa mbung’o, ambaye alikufa kwa ajali ya ndege karibu na Singida mwaka 1938. Kichaka hicho hakina magogo ya kupasua, lakini mtaalamu wa mimea hakipiti bila kusimama.

Kaskazini-mashariki mwa mji wa Singida upo msitu wa Mgori, zaidi ya hekta 40,000 za miombo. Mwaka 1995 vijiji vitano vinavyouzunguka vilianza kuulinda na kuusimamia vyenyewe, kila kijiji kikiwa na sehemu yake na walinzi wake. Ulikuwa miongoni mwa misitu ya kwanza nchini kusimamiwa na wanavijiji kwa namna hiyo, baada tu ya ule wa Duru-Haitemba huko Babati. Kijiji kinachosimamia msitu wake hulitazama gogo kwa jicho tofauti na lile la mfanyabiashara apitaye. Mti mmoja unaoruhusiwa kukatwa ni mali ya wengi, na kila sehemu ya mti huo inayogeuka machujo ni hasara ya wengi.

Matale yanapomomonyoka kwa jua na mvua za miaka mingi, huacha mchanga. Chembe kubwa na ngumu katika mchanga huo ni kwatzi. Gogo linapoburutwa kutoka msituni, chembe hizo hujipenyeza katika mifereji ya gome na kukwama humo. Upepo wa kiangazi huongeza vumbi. Hivyo basi msumeno, kabla haujagusa mti wenyewe, hupita katika tabaka la mchanga.

Wanafizikia hupima ugumu wa vitu kwa kukandamiza ncha ya almasi juu yake na kupima ukubwa wa alama inayobaki. Kwa kipimo kinachoitwa Vickers, ncha ya jino la feleji iliyogumishwa vizuri hufikia baina ya 700 na 850. Kwatzi hufikia 1,100 hivi. Kwa maneno mengine, chembe ya mchanga ni ngumu kuliko jino linaloikata, na katika pambano hilo jino ndilo linaloliwa. Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani bila gharama yoyote. Achukue kipande cha msumeno wa zamani, anyunyize juu yake mchanga mkavu kutoka katika korongo, kisha ausugue kwa kibao. Mikwaruzo itaonekana kwa macho. Akirudia jaribio hilo kwa unga wa chokaa hataona kitu, kwa sababu chokaa ni laini kuliko feleji.

Mti nao una ukali wake. Msaji hubeba silika ndani ya nyuzi zake, na mvule mara nyingine huficha mawe ya chokaa katikati ya shina, jambo ambalo wapasuaji wengi wamelijua kwa kuvunja meno ya misumeno. Mninga, ambao wanasayansi huuita Pterocarpus angolensis, hauna ubaya huo. Uzito wake ukiwa mkavu ni kilo 640 hivi kwa kila meta ya ujazo, na hukatika vizuri. Mkora, ambao sehemu nyingine huitwa mkongo, hukaribia kilo 800, na mpingo hupita 1,200, hata huzama majini. Mtundu ni mti wenye nyuzi zilizopishana, hivi kwamba jino likitoka katika tabaka moja hukutana na nyuzi za tabaka la pili zimegeukia upande mwingine.

Miti yote hiyo huwa migumu zaidi inapokauka. Gogo bichi lina maji ndani ya uwazi wa seli na ndani ya kuta zake pia. Maji ya uwazi hutoka kwanza, na mti haubadiliki sana. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi, maji ya kuta huanza kutoka, kuta hukazana, na nguvu ya mti hupanda haraka. Katika kiangazi cha Singida gogo lililoachwa juani hufikia hali hiyo upesi, hasa kwenye ncha zake. Mpasuaji anayekawia wiki kadhaa hukuta gogo jingine kabisa.

Kokoto na saruji

Kabidi ya tungsteni ni muungano wa metali iitwayo tungsteni na kaboni. Ugumu wake, ikiisha kutengenezwa kuwa jino, ni kati ya 1,300 na 1,600 kwa kipimo kile kile cha Vickers, yaani unaipita kwatzi. Kabidi peke yake ni unga, nao huyeyuka kwa joto kubwa mno linalokaribia sentigredi 2,900, kwa hiyo si rahisi kuimimina kama chuma. Njia iliyopatikana yafanana na kazi ya mwashi. Chembe za kabidi ndizo kokoto, na kobalti ndiyo saruji. Unga wa vitu hivi viwili huchanganywa, hushindiliwa katika kalibu, kisha huchomwa kwa joto la sentigredi 1,400 hivi, ambapo kobalti hulainika na kuzishika chembe zote pamoja.

Njia hiyo ilibuniwa na Karl Schröter huko Ujerumani mwaka 1923, katika kampuni ya Osram iliyotengeneza taa za umeme. Uzi wa taa ulikuwa wa tungsteni, nao ulivutwa kupitia tundu dogo la almasi, na almasi ilikuwa ghali. Kilichotafutwa kilikuwa kitu rahisi cha kushika mahali pa almasi. Miaka michache baadaye kampuni ya Krupp ilianza kukiuza kwa jina la Widia, lililotokana na maneno ya Kijerumani yenye maana ya “kama almasi”. Hakuna aliyefikiria magogo wakati huo.

Afrika ya Mashariki na Kati si wageni katika habari hizi. Tungsteni huchimbwa Rwanda, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, katika nchi ya Kolwezi na Likasi. Jino linalouzwa Dar es Salaam katika sanduku kutoka Ulaya au Asia huenda limewahi kuwa jiwe lisilo mbali sana na Ziwa Tanganyika.

Kijino cha kabidi hulehemiwa juu ya kila jino la mkanda wa feleji. Mkanda wa mashine ndogo una urefu wa meta nne hivi, upana wa milimeta 32 na unene wa milimeta moja na kidogo, na jino moja liko umbali wa milimeta 22 kutoka kwa jenzake, kwa hiyo mkanda mmoja una meno yapatayo 180. Katika mkanda wa kawaida meno hupindwa kidogo kushoto na kulia kwa zamu, ili njia inayokatwa iwe pana kuliko mkanda na mkanda usibanwe. Kijino cha kabidi hakipindwi, kwa kuwa ni kipana kuliko mkanda wenyewe. Upana wa njia yake huwa milimeta 2 hadi 2.5.

Upana wa njia ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Chukua mninga uliotumia miaka 90 kufikia kipenyo cha sentimeta 36, mwendo ambao si wa ajabu kwa mti huo katika nchi kavu. Kutoka katikati hadi nje ni milimeta 180, kwa hiyo mti uliongeza milimeta 2 kwa mwaka. Msumeno wa duara unaokata njia ya milimeta 6 hugeuza ukuaji wa miaka mitatu kuwa machujo kila unapopita. Msumeno wa mkanda hula mwaka mmoja. Tena mti mweupe wa nje hauna thamani kwa seremala, kwa hiyo hasara yote huangukia kiini chekundu ambacho ndicho kilichosubiriwa.

Hesabu ya mbao nayo ni hiyo hiyo. Gogo la mkora likichongwa mraba hadi unene wa sentimeta 30, kisha likapasuliwa mbao za milimeta 25, msumeno wa duara wa milimeta 6 hutoa mbao 9. Msumeno wa mkanda wa milimeta 2 hutoa 11. Wanafunzi na wajaribu wenyewe kwa njia ya kabidi ya milimeta 2.5: mbao 11 zahitaji milimeta 275, na njia 10 zahitaji 25, jumla 300 kamili. Unene wa kabidi haujapoteza ubao hata mmoja, ila haujaacha hata nywele moja ya ziada.

Mkanda unaochoka

Mpaka hapa kabidi yaonekana kushinda. Mkanda wa kawaida katika mti mgumu hufanya kazi saa moja au mbili kisha huomba kunolewa, na katika gogo lenye mchanga hata saa hiyo haitimii. Jino la kabidi hudumu mara kadhaa zaidi. Lakini jino haliendi peke yake. Limebebwa na mkanda, na mkanda una maisha yake.

Mwaka 1808 Mwingereza William Newberry alipewa hataza ya msumeno wa mkanda. Fikira ilikuwa njema, ila mikanda ilikatika, hasa penye kiungo, na mashine ikakaa karibu miaka 40 bila kufaa mpaka Wafaransa walipopata namna bora ya kuunga feleji. Kilichoikata mikanda ya Newberry ndicho kinachokata mikanda ya leo. Mkanda huzunguka magurudumu mawili. Kila unapofika kwenye gurudumu hupindwa, na unapotoka hunyooka. Kwa mwendo wa meta 25 kwa sekunde, mkanda wa meta nne huzunguka zaidi ya mara 6 kila sekunde, na hupindwa mara mbili katika kila mzunguko. Kwa saa moja ni mara 45,000. Kila mpindo huleta mkazo katika feleji, nao hupatikana kwa kuzidisha kipimo cha unyumbukaji wa feleji kwa unene wa mkanda, kisha kugawa kwa kipenyo cha gurudumu. Kwa unene wa milimeta 1.1 na gurudumu la milimeta 483 jibu ni kama niutoni 450 kwa kila milimeta ya mraba, kabla ya kuongeza mvuto wa kukaza mkanda. Mwiko wa sima hauvunjiki ukipindwa mara moja, lakini waya ukipindwa na kunyooshwa mara nyingi hukatika mkononi. Feleji pia huchoka. Ufa mwembamba usioonekana huanza katika bonde lililo kati ya jino na jino, kisha hutambaa.

Mkanda wa kawaida unaponolewa, jiwe hupita juu ya jino na ndani ya bonde pia, na kwa bahati nzuri huondoa nyufa changa pamoja na feleji iliyochoka. Mkanda wa kabidi ukikaa saa nyingi mashineni bila kunolewa hauondolewi nyufa hizo, na hata ukinolewa hunolewa kijino tu. Matokeo yake ni kwamba katika mashine ndogo yenye magurudumu madogo, mkanda waweza kukatika wakati meno yake yangali makali. Mnunuzi amelipia meno ya miaka juu ya mwili wa siku. Katika viwanda vikubwa, ambako magurudumu ni mapana kuliko urefu wa mtu, hesabu ni nyingine. Jambo hili tangazo la biashara halilitaji, na ndilo lingepaswa kutajwa kwanza.

Kabidi ina udhaifu wa pili. Kitu kigumu sana aghalabu ni kikavu, hakinyumbuki. Jino la feleji likigonga msumari hupinda au huwa butu, na tupa huweza kulirudisha. Kijino cha kabidi humeguka. Kikimeguka kimoja, kinachofuata hubeba kazi ya wawili, nacho huenda kikameguka pia. Katika misitu inayokaliwa na warina asali, mti waweza kuwa na kipande cha waya uliotundikia mzinga miaka 30 iliyopita, na mti umekua ukakifunika kabisa. Kwa nje gome halisemi kitu.

Aidha, ili kijino kisimeguke, ncha yake hutengenezwa nene kuliko ya feleji. Ncha nene hutaka kusukumwa kwa nguvu. Gogo likisogea meta 10 kwa dakika, kila jino hukata unyuzi wa unene wa milimeta 0.15 tu. Injini ndogo ikishindwa na mwendo ukashuka nusu, unyuzi huwa milimeta 0.07, na hapo jino halikati tena bali husugua. Kusugua huleta joto, na joto hulegeza mkanda nao ukaanza kuyumba. Ubao hutoka na mawimbi. Mpasuaji asiyejua sababu hulaumu meno, ilhali meno ni mazima.

Liko pia swali la jiwe la kunolea. Feleji hunolewa kwa mawe ya kawaida yapatikanayo madukani. Kabidi kwa kawaida hunolewa kwa almasi. Shinyanga, jirani wa Singida upande wa kaskazini, kuna mgodi wa Mwadui uliogunduliwa na John Williamson mwaka 1940, lakini mawe ya kunolea hutumia unga wa almasi ambao siku hizi wingi wake hutengenezwa viwandani ng’ambo. Mashine ya kunolea kabidi ni ya mjini, na mkanda ulioisha ukali Itigi huna budi kusafiri. Wakati huo mashine imelala. Hali kadhalika, vumbi la kabidi na kobalti likivutwa pumuni ni hatari. Linaweza kuleta ugonjwa wa mapafu usiopona, kwa hiyo kunoa hufanywa kwa maji na mfuniko, wala si kwa jiwe kavu chini ya mwembe.

Kobalti hiyo hiyo ina adui mwingine, nao ni utomvu. Mti mbichi wenye asidi huila kobalti polepole, yaani saruji huondoka na kokoto hudondoka. Ndiyo maana jino la kabidi lililonunuliwa kwa ajili ya kudumu mara nyingine halidumu katika gogo bichi kama linavyodumu katika kavu.

Gome kwanza

Mafundi wa misumeno wanayo njia ya katikati. Mwaka 1907 Mmarekani Elwood Haynes alipewa hataza ya mchanganyiko wa kobalti na kromi uitwao Stellite. Si mgumu kama kabidi, lakini hauogopi joto wala utomvu, haumeguki kwa urahisi, na hunolewa kwa mawe ya kawaida. Kwa magogo mabichi ya mtundu na mkora huo wafaa kufikiriwa kabla ya kabidi. Ipo pia mikanda ya metali mbili, ambayo mwili wake ni feleji nyumbufu na ncha za meno ni feleji ya kasi.

Kabidi hubaki na mahali pake: magogo makavu na safi ya mkora au mpingo, mashine yenye injini ya kutosha, na fundi mwenye njia ya kunoa. Katika mninga mbichi ni kulipia ugumu usiohitajiwa. Chuo cha Viwanda vya Misitu cha Moshi hufundisha mafundi wa kazi hizi, na kijana mmoja wa kijijini aliyejifunza huko kunoa na kupinda meno kwa kipimo huenda akaokoa mbao nyingi kuliko sanduku zima la mikanda ya bei.

Na iwe mkanda wowote, kazi ya kwanza ni gome. Panga au shoka jepesi hubandua ukanda wa gome mahali msumeno utakapoingilia, upana wa viganja viwili, na mchanga huondoka nao. Kazi hiyo ni ya dakika chache kwa gogo. Gogo hulazwa juu ya mabanzi, wala haliburutwi chini. Pipa la maji hudondoshea mkanda matone tu, kwa kuwa maji ni ya kubebwa, na matone yatosha kuzuia utomvu mwekundu wa mninga usigande. Jioni injini ikizimwa, mkanda hulegezwa kwa mizunguko michache ya skrubu ili usilale umepindwa juu ya magurudumu usiku kucha, na fundi hupitisha kitambaa katika mabonde ya meno, kisha huyatazama moja moja kwa mwanga wa jua kama yana ufa.